Mkandarasi wa CRB, ufundi tu, au fundi wa mtaani: nyumba ya mama Tabata nimpe nani?

MwanaMuscat
Wakuu, salaam. Mimi niko Muscat, nyumba ya mama ipo Tabata. Ilijengwa miaka ya tisini, vyumba vitatu, bati limechoka na linavuja. Tunataka kupandisha ghorofa moja juu, na chini tubomoe ukuta wa kati ya sebule na jiko, tubadilishe mabomba na waya zote. Nina makadirio matatu mkononi.

Kampuni ya kwanza imesajiliwa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), vifaa na ufundi juu yao: milioni 148. Ya pili nayo ina usajili, ila inataka ufundi tu, milioni 36, vifaa ninunue mwenyewe (wanasema vitafika kama milioni 70). Wa tatu ni fundi aliyemjengea jirani yetu. Ufundi milioni 19, na vifaa "tutakwenda navyo taratibu, bosi".

Mdogo wangu yupo Dar ila ana kazi yake, ataweza kupita jioni na Jumapili. Mngekuwa nyie mngempa nani? Natanguliza shukrani.

Nondo16
Weka hapa mchanganuo wa kila mmoja, ficha majina. Bila hiyo tutabishana bure.

MwanaMuscat
Nimeweka picha. Wa fundi ni ukurasa mmoja wa daftari.

Nondo16
Nimezipitia. Mkuu, hizo bei ni za kazi tatu tofauti.

Kampuni ya kwanza wameweka kuchimba pembeni ya msingi wa zamani kuona ulivyo, halafu nguzo mpya zenye bezi zake (vitako vya zege chini ya ardhi), ili ghorofa lisikalie kuta za chini. Wameweka na vipande vya zege vya kupelekwa maabara, vipimwe siku ya 7 na ya 28. Ya pili nguzo wameandika, bezi hawakuandika. Fundi wako hana nguzo kabisa. Slabu yake inakalia tofali la inchi 6 lililojengwa kubeba bati. Na ile sebule unayotaka kubomoa ukuta? Ukuta huohuo kwenye mchoro wake ndio unaobeba slabu.

Angalia na ringi za bimu, vile vyuma vinavyozungushia nondo. Kampuni ya kwanza wameandika mm 8 kila sentimita 15. Daftari limeandika mm 6, umbali haupo. Ukiondoa bezi, nguzo na nondo, milioni nyingi zinapungua, lakini umepunguza nyumba yenyewe.

FundiMkongwe
Namheshimu injinia Nondo16 ila tusiwatupe mafundi. Hizo kampuni zikipata kazi zinakuja kutuita sisi sisi. Nimefanya kazi chini ya makandarasi watatu, saidia fundi ni walewale, sururu ni zilezile. Tofauti ni kwamba pale kuna mtu anakuja kuhesabu nondo kabla zege halijamwagwa, na akiona biskuti (vile vipande vya kuinua nondo) hazipo chini ya nondo anasimamisha kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu: ghorofa juu ya nyumba ya zamani mimi mwenyewe siligusi bila mchoro wa injinia. Lakini vigae, plasta, skimu, rangi, jipsamu, hapo kumlipa mkandarasi ni kumwaga hela. Mpe huyo fundi wa jirani, nyumba ya jirani si unaiona.

MamaKibada
Mimi nilichukua njia ya pili, ufundi tu. Sitaki kukutisha, ila jua unachonunua. Unakuwa wewe ndiye mkandarasi! Saa mbili asubuhi simu: "Mama, saruji imeisha, vijana wamekaa." Ukichelewa siku moja wanakuandikia siku hiyo kuwa kosa lako, na mkataba unawaruhusu. Tripu ya mchanga inakuja pungufu, nani anapima? Wewe. Nilianza kumwambia dereva asiteremshe mpaka nifike, nikawa napima kina kwa futi kwenye bodi la fuso.

Ufa ulipotokea juu ya linta, kampuni ikasema tofali zangu mbovu, muuza tofali akasema kampuni haikuzilowesha kabla ya kujenga. Sijui mpaka leo nani mkweli, plasta nililipa mimi. Kwa mtu aliye Muscat na ndugu wa Jumapili, hapana.

KaribuKinyerezi
Tuongelee hiyo "imesajiliwa CRB" kwanza. Kusajiliwa kuna madaraja. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, la saba ndilo la chini, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kiwango cha mwisho cha thamani ya kazi. Ada inalipwa kila mwaka, wasiolipa hufutwa. Ingia kwenye orodha ya Bodi utafute jina na namba wewe mwenyewe, cheti cha kutumiwa WhatsApp usikiamini.

Halafu kuna leseni za kukodi. Kampuni ina usajili safi, anayekuja saiti ni mtu mwingine aliyeazima jina. Utamjua kwenye akaunti. Akisema "tuma kwenye namba yangu ya simu, kampuni ina mambo ya benki", funga mazungumzo. Jina la kwenye mkataba, la kwenye risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na la kwenye akaunti liwe moja.

Nao ubao wa mradi wakiuona ni usumbufu, jiulize kwa nini. Sheria inautaka.

wa_Ruaka
Huku Kenya ni NCA, mamlaka ya ujenzi inayosajili makandarasi, wao wana ngazi nane na ya nane ndiyo ndogo. Shida ni ileile: mtu anakuonyesha cheti cha NCA cha kampuni ya shemeji yake. Mimi nilimwambia wa kwangu anipeleke kwa mjengo wake ambao bado unaendelea, si ule umekamilika na kupakwa rangi. Pale ndio unaona kama slabu inamwagiliwa maji ama inaachwa ikauke na jua.

FundiMkongwe
Hapo kwenye maji umenena. Na mirunda, ile miti ya kushikilia slabu. Nimeshaona slabu imeondolewa mirunda baada ya wiki moja kwa sababu ilikuwa inadaiwa saiti nyingine. Katikati ilishuka, mpira ukiuweka unabingirika wenyewe.

MwanaMuscat
Aisee. Basi nikubali 148?

Nondo16
Usikubali bado. Uliza kama VAT imo ndani. Kama imo, kwenye 148 karibu milioni 22 na nusu ni kodi ya asilimia 18, na ukilinganisha na wasioitoza lazima uiondoe kwanza. Tafuta injinia na msanifu waliosajiliwa, uwalipe wewe, mchoro uwe wako. Mchoro huo ndio utakaoombea kibali cha ujenzi Halmashauri ya Jiji. Bila kibali utakuta X nyekundu ukutani na kazi imesimama. Kisha wape kampuni zote mbili mchoro uleule na orodha ileile ya kazi, wajaze bei. Hapo ndipo utaona nani ghali kweli.

Malipo yafuate hatua: bezi na nguzo, slabu, kuta za juu, kupaua. Kila hatua injinia wako asaini kabla hujatuma. Asilimia 5 mpaka 10 ibaki mkononi kwako miezi sita baada ya kukabidhiwa.

KaribuKinyerezi
Na usidhani CRB itakurudishia hela. Bodi inaweza kumsimamisha au kumfutia usajili, ila fedha zako utazidai kwa mkataba, kwenye usuluhishi au mahakamani. Muulize pia kama wafanyakazi wake amewaandikisha Mfuko wa Fidia, WCF. Kibarua akianguka kutoka juu ya nyumba ya mama, ndugu zake watagonga mlango ulio karibu.

MwanaMuscat
Nimeongea na mdogo wangu, ataanza kutafuta injinia wiki hii. Ghorofa kwa mkandarasi, umaliziaji tutamwita fundi wa jirani. Tulitaka kuanza Machi.

MamaKibada
Machi unang'oa bati masika yanaanza? Anzeni Juni. Na mama mmemtafutia pa kukaa?