Taa za barabarani zinafifishwa saa zilezile tunazozihitaji. Nani kapanga ratiba hii?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Huku kwetu Tandika tulifungiwa taa za sola, mtaa mzima tukashangilia. Kumbe ikigonga saa sita usiku zinafifia zenyewe mpaka alfajiri. Fundi alinieleza kwamba zimepangwa hivyo ili chaji ifike asubuhi, na kila nguzo ina kihisio: ukiikaribia taa inawaka kwa nguvu, ukipita inafifia tena.

Mimi nachukua samaki Feri. Saa kumi alfajiri niko njiani na ndoo yangu kuwahi daladala, na siko peke yangu. Kuna mama lishe wanaokwenda kuwasha majiko, vijana wa Kariakoo, makonda, walinzi wanaotoka zamu. Aliyepanga kwamba saa hizo barabara haina watu anaishi Dar ipi?

Na hicho kihisio kinakuona ukishafika kwenye nguzo. Kati ya nguzo na nguzo ni giza, tena giza baya zaidi, maana macho yametoka kupigwa na mwanga mkali na hayajazoea. Mtaro wetu umekosa mifuniko hapohapo katikati. Jumatatu jirani yangu alitumbukia mguu mzima. Tumemvuta, tumemkokota hatua kadhaa, ndipo taa ya mbele ikawaka na tukaona muundi ulivyochunika, damu imeshajaa kwenye ndala.

Msiniambie habari za kubana matumizi. Jua halina luku! Usiku wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, kila mtu anajua, kwa hiyo betri ilitakiwa inunuliwe ya kutosha usiku huo. Paneli nazo zimejaa vumbi, tangu zifungwe sijaona mtu akipanda kuzifuta. Chaji itajaa vipi, hasa masika mawingu yakitanda?

Sipingi kufifisha. Wafifishe saa sita mpaka saa tisa, hapo kweli watu wengi wamelala, halafu warudishe mwanga wote. Fundi alibadilisha ratiba ya taa moja mbele yangu kwa rimoti, amesimama chini ya nguzo, haikumchukua hata dakika tano. Tumekwenda kulalamika mara mbili, jibu ni "tutalifanyia kazi".

Wa Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, kwenu zinafifia saa ngapi? Na kama kuna mtaa uliobadilishiwa ratiba, mlimwona nani?