Ange Postecoglou: alikuwa na msimamo au kichwa ngumu tu?

Lilywhite wa Tandika

Wakuu salama? Kuna ubishi umenifuata toka kijiweni mpaka nyumbani nikaona bora niulete huku. Sisi tunaoipenda Spurs, yaani Tottenham ya England (najua tunachekwa, endeleeni) tumegawanyika kabisa kuhusu Ange, kocha wetu wa zamani. Wapo wanaosema mzee alionewa, katupa kombe la Europa, la kwanza toka 2008, halafu hata wiki tatu hazijaisha kafukuzwa, na wapo wanaosema kocha aliyemaliza nafasi ya 17 na vipigo 22 kwenye ligi hana cha kujitetea. Mimi naomba kombe tuliweke pembeni kidogo tuongelee ule ugumu wake wa kichwa.

Chukulieni ile mechi ya nyumbani na Chelsea, Novemba 2023. Tumeingia hatujafungwa mechi 10 za mwanzo, pointi 26. Romero kala nyekundu, Udogie kala nyekundu, Van de Ven na Maddison wametoka wanachechemea, tumebaki 9 uwanjani na mabeki bado wamesimama karibu na mstari wa kati kama hakuna kilichotokea. Tukapigwa 4-1. Anaulizwa baada ya mechi anajibu sisi ndivyo tulivyo, na hata tukibaki watano tutashambulia tu. Sasa hiyo ni falsafa au ni kiburi?

Kona ya Saka

Hiyo ni burudani mkuu. Usiku ule nimelala nacheka. Mrudisheni jamani, ligi imepoa.

Beki Mstaafu

Mleta mada hiyo mechi kila mtu anaitaja lakini wengi wanakumbuka matokeo tu. Mpaka dakika ya 75 ilikuwa 1-1. Moja moja! Watu 9! Jackson kafunga la pili dakika ya 75 na mengine mawili yamekuja dakika za nyongeza wakati sisi tumeshapanda wote kutafuta la kusawazisha, Dier kaweka wavuni ikakataliwa kwa kuotea, Bentancur kapata kichwa kikaenda nje, Son naye kapata nafasi. Sasa niambie ungeshuka na watu 9 ukajaa kwenye boksi lako mbele ya Chelsea yenye Palmer na Sterling, ungekaa mpaka dakika ya ngapi? Kule juu angalau Chelsea waliotea wee mpaka wakawa wanakasirikiana wenyewe, na kipa wetu Vicario alikuwa anatoka golini anafagia mipira nje ya boksi kama beki wa tano. Mimi nimecheza beki (ligi ya wilaya, msinicheke) na nakwambia ile siku haikuwa ujinga.

Ujinga ulikuwa kwenye mechi za kawaida tukiwa 11. Mabeki wa pembeni wote wawili, Porro na Udogie, wanaingia katikati kucheza kama viungo, mpira ukipotea pale kati nyuma wamebaki wawili tu na uwanja mzima mgongoni. Van de Ven ana mbio za ajabu kwa hiyo alikuwa anayafuta makosa ya mfumo mzima peke yake. Alipoumia ndo mkaona kilichokuwa chini ya zulia.

Ziwani254

Beki Mstaafu uko sawa ila umesimamia katikati boss. Mbona Van de Ven aliumia mara nyingi hivyo? Ukimfanya beki wa kati akimbie mbio za mita 50 kurudi golini kwake kila wikendi, misuli ya nyuma ya paja itakata tu, hiyo si bahati mbaya. Angalia Chelsea ya Desemba 2024, mimi niliitazama nikiwa na rafiki yangu wa Spurs. Cucurella anateleza mara mbili, Spurs wanapata mbili ndani ya dakika 11, jamaa anabadilisha viatu, mechi inaisha 4-3 kwa Chelsea. Siku hiyo hiyo Romero na Van de Ven ndio walikuwa wamerudi toka majeruhi na wote wawili wakatoka wameumia tena. Wiki mbili baadaye Liverpool wanakuja wanapiga 6, na pale kati nyuma amesimama Archie Gray, kijana wa miaka 18, kiungo, amegeuzwa beki wa kati. Na mfumo ni ule ule, juu juu, fungua uwanja. Kocha anayependa wachezaji wake angesema wacha nishuke mita 15 hadi watu wapone. Hakuna mtu angemuita mwoga.

Mama wa Nusu Fainali

Mimi nawasoma tu lakini kuna kitu mnakiruka. Mnasema hakubadilika. Jamani Bilbao hamkuiona? Fainali ya Europa, 21 Mei 2025, Spurs na Man U. Mpira tulikuwa nao kama robo tu ya mechi. Son kaanzia benchi. Brennan Johnson kasukuma lile goli la kubabaisha dakika ya 42, sijui liligonga nani na nani, na kuanzia hapo tukapaki basi la ghorofa, mpaka Danso kaingizwa mwishoni kuongeza beki. Van de Ven kaurukia mpira wa Højlund kwenye mstari wa goli miguu juu kichwa chini. Hiyo ndiyo timu ya "sisi ndivyo tulivyo"? Na kabla ya hapo Frankfurt ugenini tulishinda 1-0 kwa penalti ya Solanke tukakaa nyuma vizuri tu.

Kwa hiyo mimi hasira yangu haiko kwenye ugumu wa kichwa. Hasira yangu ni kwamba ALIKUWA ANAJUA. Alikuwa anajua kujilinda muda wote ule na akakaa anatuacha tufungwe na Brighton tukiwa mbele 2-0 mapumziko, halafu anakuja kwenye maiki kununa.

Lilywhite wa Tandika

@Mama wa Nusu Fainali hapo umenigusa, sikuwahi kuiangalia hivyo. Lakini si inawezekana alibadilika kwa sababu ligi ilishakufa? Leicester, Ipswich na Southampton walikuwa wabovu kiasi kwamba pointi 38 zilitosha kubaki, akawa anapumzisha watu wikendi ili Alhamisi wacheze.

Beki Mstaafu

Ndiyo hivyo, na ndo maana naona ile nafasi ya 17 inamchafua kuliko anavyostahili. Ila sasa msimtetee kwa Nottingham Forest, timu aliyoenda baada ya kwetu. Kule hakuna majeruhi ya kusingizia. Kakuta timu ya Nuno, kocha aliyemtangulia, iliyomaliza ya 7 kwa kukaa chini na kupiga kaunta, wachezaji wamezoea hivyo, yeye kaingia Septemba msimu umeshaanza, hana hata maandalizi ya msimu akataka wapande juu. Siku 39, mechi 8, ushindi sifuri, kapigwa 3-0 na Chelsea na hajafika hata kwenye gari kafukuzwa. Timu zake za nyuma, Celtic ya Scotland na Yokohama ya Japani, mfumo wake ulikubali kwa sababu alipewa muda, na Celtic kwenye ligi ile kila wiki we ndo mkubwa, hata ukifanya kosa nyuma anayekuadhibu ni nani?

Kona ya Saka

Sasa nije kwa heshima maana huko nyuma nilikuja kwa utani. Sisi Arsenal tumeishi na kocha wa aina hiyo miaka 22, jina lake Wenger. Mechi yake ya 1000 tumepigwa 6-0 na hao hao Chelsea, mstari uko juu, mabeki wanatazamana. Kila mtu akasema mzee habadiliki. Januari 2015 akaenda kwa Man City akakaa chini, akashinda 2-0. Mwaka 2017 akaweka mabeki watatu, akachukua Kombe la FA mbele ya Chelsea. Kwa hiyo Mama hapo juu kasema kweli, hawa wazee wanajua, hawataki tu mpaka maji yafike shingoni.

Ila kuna moja hamjaligusa na mimi ndo nimebeba jina lake. KONA. April 2024 kwenu kabla ya mapumziko tumepiga mbili za kona, Septemba Gabriel tena kichwa, kona, 1-0. Yeye akiulizwa mipira ya kutengwa anajibu kama ameulizwa bei ya nyanya. Mstari wa juu naweza kuuelewa, ila kukataa kumlinda kipa wako kwenye kona ni falsafa ya wapi?

Lilywhite wa Tandika

Mkuu kona usinikumbushe, nimekula sasa hivi.

Ziwani254

😂😂 Nilikuwa nangoja hiyo tangu juu.