Nyumba ya vyumba sita Ngamiani, mama kabaki na mjukuu mmoja. Tufanyeje?

MtuWaUani:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, wenye kejeli wapite kimyakimya.

Kwetu ni Tanga mjini, Ngamiani. Nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, jiko na choo uani. Babu aliijenga kwa hela ya mkonge. Tumekulia humo watu 14: bibi, baba na mama, sisi watoto saba, mama mdogo, na watoto watatu wa mjomba waliokuja kusoma. Mikeka ilitandikwa mpaka koridoni. Ukichelewa kurudi unaruka vichwa vya watu gizani.

Leo mama ana miaka 71, anaishi na mjukuu mmoja. Ile sensa ya Agosti 2022 aligombana na karani. Alimtajia sisi sote saba na wajukuu kwa majina, karani akamwambia, "Bibi, nataka waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23." Akaandikwa yeye na mjukuu. Mpaka leo analalamika: "Nimezaa saba, nimeandikiwa wa kuazima!"

Mimi niko Mbagala, chumba na sebule, mke na watoto wawili. Hatuongezi, ingawa mama kila akipiga simu huuliza kama "tumesimama". Ndugu wengine wametawanyika, mmoja yuko Oman. Mwezi uliopita mama kateleza uani, mtoto yuko shule, akakaa sakafuni mpaka jirani aliposikia. Kaka mkubwa anasema tuuze tumhamishie Dar. Mimi nasema tupangishe vyumba vinne. Mama hataki hili wala lile, vyumba ni vya watoto wakirudi. Nilimleta Mbagala, wiki mbili akaomba nauli. Alisema kwangu hakuna hata pa kukaa kusuka ukili.

Bwana Duga:
Kabla ya kuuza, hati ina jina la nani? Kama bado ni babu, nendeni Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kaka yako anauza kitu ambacho huenda kina warithi kumi msiowajua. Na huyo mama mdogo bado yuko hai?

MtuWaUani:
Yuko hai mkuu, yuko Pangani. Hapo umenishtua kidogo.

Shangazi Makorora:
Watoto saba, hakuna hata mmoja wa kulala na mama yake! Sisi tulilala na mama zetu mpaka tukawazika.

Haya, nimesema, sasa niseme ukweli. Mimi nina wanne, wote Dar, na usiku nalala na redio. Wenzetu Zanzibar wazee wa miaka 70 wana pensheni jamii tangu 2016. Huku bara kwa sisi tuliouza vitumbua, pensheni ni mtoto, na mtoto mwenyewe anadaiwa kodi ya miezi sita. Simlaumu. Ila wanangu wakiuza nyumba nikiwa hai nitawatokea ndotoni kabla sijafa.

TakwimuZaUchochoroni:
Mleta uzi, usidhani ni laana ya ukoo wenu. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Lakini wastani wa kaya ulishuka kutoka watu 4.7 hadi 4.3.

Kijana wa Pongwe:
Mkuu hapo sijakuelewa. Watu wanaongezeka halafu nyumbani wanapungua? Wanalala wapi?

TakwimuZaUchochoroni:
Wanalala Mbagala, chumba na sebule! Kaya ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Wale 14 walikuwa kaya moja. Watoto saba kila mmoja akiwa na chungu chake, pamoja na cha mama, tayari ni kaya nane. Hesabu ya watu inapanda, ya vyungu inapanda kwa kasi zaidi.

Na uzazi umeshuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke alitarajiwa kuzaa watoto zaidi ya sita, utafiti wa 2022 ukakuta 4.8, mijini 3.6 tu. Usisahau vifo pia. Utafiti wa 2004/05 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 hawafikishi miaka mitano, mwaka 2022 wakawa 43. Bibi zetu walizaa wakihesabu na wa kuzika. Mkeo hana sababu hiyo, ana ada ya shule. Mwambie mama hivyo, kwa adabu lakini.

Mpangishaji Chuda:
Takwimu nzuri, lakini mama bado yuko peke yake. Nyumba yetu ilikuwa hivyohivyo. Msipangishe vinne kwa mpigo, atajiona mgeni kwake. Anzeni na kimoja, cha mbele, na mama achague mpangaji mwenyewe. Kodi aipokee yeye mkononi, isipitie kwa kaka mkubwa. LUKU mfunge mita ndogo, maana huko ndiko ugomvi unakoanzia. Choo cha uani kitieni sakafu isiyoteleza wiki hii hii, hilo halihitaji kikao cha ukoo. Na kimoja kiacheni kitupu kweli, cha hao "watakaorudi". Kwetu tuliacha, na sikukuu kinajaa.

MtuWaUani:
Wakuu, nashukuru. Mrejesho: fundi kashamaliza choo. Suala la mirathi nimelipeleka kwenye kundi la familia, kaka kasoma na hajajibu, siku ya nne leo.

Mama kakubali chumba kimoja, kwa shingo upande. Jirani kamletea wasichana wawili wanafunzi wa uuguzi. Kawakalisha barazani saa nzima akiwahoji. Kodi hakuulizia. Aliwauliza wanapika wapi, wakamwambia wana jiko lao la gesi. Kawaambia hilo jiko walirudishe kwao, kwake chungu ni kimoja. Wamemwomba mpaka Ijumaa wafikirie.