Unga ulioumuka unaweza kumuumbua muuaji? Nahitaji waokaji, na mtu anayejua mambo ya polisi

MamaSkonzi:
Hamjambo wadau. Mimi huoka mikate na skonzi hapa Umoja, na usiku nikingoja unga uumuke huwa naandika. Sasa nimeingia kwenye hadithi ya upelelezi, ile aina isiyoonyesha damu, ambapo anayefumbua fumbo ni mtu wa mtaani tu. Wamarekani wameshaizoea: Joanne Fluke alimleta Hannah Swensen mwaka 2000, mwenye duka la biskuti kwenye mji wa kubuni huko Minnesota, na mapishi yamo humo humo kitabuni. Nami nataka wetu.

Mpelelezi wangu, muoka mikate, nimempeleka Limuru, mji mdogo. Nairobi haifai, hapa mtu wa ghorofa ya tatu akifa, wa ghorofa ya nne anasikia redioni. Limuru muoka mikate anajua nani anakopa, nani alikuwa akinunua mkate nusu na ghafla ananunua miwili mizima.

Kisa ni hiki. Julai, ukungu mpaka mlangoni. Mama Shiru anafungua duka alfajiri, anamkuta mwenye nyumba amekaa kitini kando ya meza ya kukandia, amekufa. (Ufunguo wa pili anao, wenye nyumba ni wale wale.) Madirisha yamefungwa, na katikati ya chumba kuna jiko la mkaa lenye majivu. Kila mtu anasema ni hewa ya makaa, maana kila msimu wa baridi tunasikia visa hivyo.

Lakini Mama Shiru anatazama beseni. Aliukanda unga jioni kwa hamira kidogo, hesabu yake ya baridi, ili ufike ukingoni alfajiri. Na umefika ukingoni, haujazidi. Kama jiko lingewaka humo usiku kucha, ungekuwa umemwagika mezani, umebonyea katikati na unanuka pombe. Kwa hiyo jiko liliingizwa humo karibu na mapambazuko.

Waokaji, hili linasimama? Hewa ya makaa haiui hamira? Na polisi watamsikiliza mama wa mikate?

Fundi_wa_Joko:
Dada, linasimama. Hamira haihitaji hewa safi ili kuumua unga, kwa hiyo gesi ya makaa haiisumbui. Kinachoiendesha ni joto. Kwenye nyuzi 27 hivi, unga wa hamira ya kawaida unaongezeka maradufu kwa saa moja au mbili; kwenye friji huo huo unalala mpaka asubuhi. Kuifisha kabisa unahitaji karibu nyuzi 60, na chumba hakifiki huko.

Shida ni wakili. Atasema hamira ilikuwa ya zamani, au siku hiyo ulizidisha chumvi, maana chumvi inaipunguza kasi. Dawa yake ni beseni la pili. Mama Shiru agawanye unga ule ule mara mbili, beseni moja aliache mezani, la pili aliweke stoo kusiko na jiko. Alfajiri yakiwa na kimo kimoja, chumba hakikupata moto usiku ule, na hapo hamira ya zamani haina la kusema.

Muonyeshe pia akibonyeza kwa kidole. Unga uliofika saa yake shimo linarudi polepole, linabaki alama kidogo. Uliopitiliza hauinuki tena, unazidi kushuka. Sisi hatuangalii saa ya ukutani, tunaangalia hilo shimo. Na kitambaa: kikilala usiku mzima karibu na jiko, upande ule unakauka na kushika ganda.

Magwanda_Mstaafu:
Nimefanya kazi ya polisi, kwa hiyo nivumilie, mama. Kifo cha ghafla kinaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, mwili unakwenda mochari, na daktari anaufanyia uchunguzi. Hewa ya makaa inaonekana kwenye damu, na mara nyingine midomo na kucha zinakuwa na wekundu usio wa kawaida. Kama mtu wako aliuawa kwa njia nyingine halafu akawekewa jiko, maabara itakumalizia hadithi kabla Mama Shiru hajavua aproni.

Geuza hivi: afe kwa hewa ya makaa kweli, lakini mahali pengine. Ndani ya gari la mizigo lililofungwa vioo, kuna jiko. Kisha abebwe mpaka dukani. Daktari atasema makaa, sisi tutasema ajali, faili linafungwa. Anayepinga ni beseni peke yake.

Ila afe akiwa ameketi. Damu ya maiti inashuka chini kwa uzito wake, na baada ya saa kadhaa alama zake hazihami tena. Akilazwa chali halafu akaketishwa kitini, mgongo utamsema.

Na kingine. Hakuna polisi atakayehifadhi unga. Mpaka mchana umeshaporomoka. Apige picha kwa simu mabeseni yote mawili, saa ionekane, kabla hajapiga simu kituoni. Asiguse kitu, hasa jiko. Tutamsikiliza akija na picha. Akija na "mimi najua unga wangu," tutamwambia pole, tunampa kiti.

Mjukuu_wa_Bwana_Msa:
Jiko na beseni vimenikamata, lakini mbona hakuna anayeuliza kwa nini mzee aliuawa?

Mimi nimekulia kwenye vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, si polisi, lakini anaye rafiki yake Najum wa kuuliza maswali ambayo msomaji anayo kichwani. Mama Shiru atamweleza nani habari ya hamira? Akiwaza peke yake kurasa tatu, mimi nalala. Mpe kijana wa boda boda anayempelekea mikate madukani. Kwenye steji wanajua gari gani lilipita saa ngapi, na nani alishusha kitu kizito gizani.

MamaSkonzi:
Asanteni, mmenipa kazi ya mwezi. Beseni la pili nalichukua, gari la mizigo pia. Mzee alikuwa anauza kiwanja chote pajengwe ghorofa, na wapangaji walikuwa hawajaambiwa, isipokuwa mmoja aliyeambiwa na akaahidiwa fungu. Fungu lenyewe ndilo lililoleta maneno. Huyo hununua skonzi nne kila asubuhi. Siku ile duka lilikuwa limefungwa, yeye akapita moja kwa moja, hata hakuuliza kuna nini. Kijana wa boda ndiye atakayeliona hilo, si Mama Shiru.

Fundi_wa_Joko:
Hapo sawa. Jaribu mabeseni yako kabla hujaandika, lakini hilo la jiko lifanyie nje, dada, au chumba kiwe wazi. Usije ukatupa hadithi nyingine.