Majina ya milima na barafuto za ncha za dunia: vurugu waliyoiacha wenye pesa, wanaoumia ni wanafunzi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mtu asinijibu kwamba Antaktiki, lile bara la barafu la Ncha ya Kusini, haituhusu kabla hajasoma hadi chini. Inatuhusu, maana watoto wetu wanatahiniwa juu yake na wanakatwa alama kwa sababu ya ugomvi wa watu wazima wenye vyeo, ugomvi ambao wao hawakuwemo.

Nasema wazi. Majina mengi ya milima, vilima na barafuto (mito ya barafu inayoteremka polepole) za huko hayakutolewa ili kumsaidia mtu kupajua mahali. Yalitolewa kulipa fadhila, kujipendekeza kwa wafalme na kudai ardhi. Halafu yakaachwa hivyo hivyo, yakachapwa kwenye atlasi, na leo tunayakaririsha darasani bila kuuliza yametoka wapi.

Tuanze na Beardmore. Hii ni barafuto kubwa, ina urefu wa zaidi ya kilomita 160, inashuka kutoka uwanda wa juu wa Antaktiki, inakata safu ya Milima ya Transantaktiki mpaka kwenye barafu inayoelea ya Ross. Mpelelezi wa Uingereza Ernest Shackleton na wenzake waliifikia Desemba 1908 wakitafuta njia ya Ncha ya Kusini. Robert Scott, Mwingereza mwingine, naye alipita hapo hapo, na hakurudi salama. Sasa huyo Beardmore ni nani? Ni William Beardmore, mwenye viwanda vya chuma na meli kule Glasgow, aliyemdhamini Shackleton apate pesa za safari. Basi. Amundsen, mpelelezi wa Norwei, naye mwaka 1911 alipanda kwa barafuto nyingine, fupi na yenye mwinuko mkali, akaipa jina la Axel Heiberg, mfadhili wa Norwei. Na Heiberg huyo huyo alishapewa kisiwa kizima kwenye ncha nyingine ya dunia, kaskazini mwa Kanada, katika msafara wa Otto Sverdrup wa 1898 hadi 1902. Kwenye msafara huo ndugu wawili, Ellef na Amund Ringnes, walipata kisiwa kila mmoja. Walikuwa na kiwanda cha bia. Mwanafunzi akisoma habari za barafu ya Aktiki, yaani upande wa Ncha ya Kaskazini, leo anakaririshwa majina ya wenye kiwanda cha bia na mwenzao Heiberg aliyewashikia hesabu za pesa, na hakuna mwalimu wala kitabu kinachomwambia hivyo.

Antaktiki Magharibi kuna barafu inayoelea inaitwa Getz. Getz alikuwa mtu wa Chicago aliyechangia kupatikana kwa ndege ya msafara wa Marekani wa 1939 hadi 1941. Mchango wa ndege, malipo yake jina kwenye mamia ya kilomita za pwani.

Sisemi kila jina la mtu ni baya. Chini ya safu ya Royal Society, magharibi mwa mlangobahari wa McMurdo Sound huko Antaktiki, kuna vilima vyenye mabonde makavu na barafuto ndogo ndogo katikati yake. Msafara wa Scott kwa meli ya Discovery wa 1901 hadi 1904 uliviita South-eastern Foothills. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jina likabadilishwa, vikaitwa Denton Hills, kwa heshima ya George Denton wa Chuo Kikuu cha Maine, mwanajiolojia aliyechunguza historia ya barafu ya eneo lile lile. Huyo amestahili, sina neno. Barafuto kubwa ya Koettlitz iliyo jirani ina jina la daktari wa msafara wa Discovery, mtu aliyekuwepo, aliyetibu wenzake kwenye baridi ile. Naye sawa. Kinachonikera ni kwamba maandishi ya zamani yanasema South-eastern Foothills, ya sasa yanasema Denton Hills, na vitabu vinavyowafikia wanafunzi wetu havisemi kwamba ni vilima vile vile. Mtoto anabaki anatafuta sehemu mbili.

Lakini kuna jambo linalonichemsha damu kuliko hayo yote, nalo ni milima iliyopewa majina wakati haipo kabisa.

Mwaka 1818 John Ross, nahodha wa Uingereza, aliingia na meli kwenye mlango wa Lancaster Sound, kaskazini mwa Kanada. Akasema mbele yake kuna milima imeziba njia. Akaiita Milima ya Croker, jina la katibu wa wizara ya jeshi la majini la Uingereza, bosi wake. Akageuza meli. Mwaka uliofuata Parry, Mwingereza mwenzake, akapita na meli zake palepale ilipodaiwa kuwepo milima. Maji matupu.

Mngetegemea watu wajifunze. Juni 1906, Robert Peary, mpelelezi wa Marekani, akiwa ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho hicho cha Axel Heiberg, alidai baadaye kwamba aliona kwa mbali vilele vya nchi mpya. Akaiita Crocker Land, jina la George Crocker, tajiri wa Marekani aliyemchangia pesa za safari. Kwenye shajara yake ya siku zile aliandika kwamba hakuna nchi inayoonekana. Nchi ikaja kuonekana kwenye kitabu, baada ya kurudi nyumbani kwa wafadhili. Mwaka 1913 ukaondoka msafara mzima chini ya Donald MacMillan kwenda kuitafuta nchi hiyo. Mwaka 1914 wakiwa juu ya barafu ya bahari MacMillan akaona vilima, mabonde na vilele vyeupe, akafurahi. Piugaattoq, Mwinuiti (mwenyeji wa Aktiki) aliyekuwa akiwaongoza, akamwambia kwamba ule ni ukungu tu. MacMillan hakuamini, wakaendelea mbele siku kadhaa juu ya barafu inayopasuka, mpaka yeye mwenyewe akakubali kwamba hakuna kitu. Kwenye safari ya kurudi Piugaattoq alipigwa risasi na Fitzhugh Green, ofisa wa msafara. Akafa. Green hakushtakiwa mahakamani.

Someni tena hapo. Mtu aliyezaliwa kwenye barafu ile, aliyesema ukweli mapema, ameuawa akiwasindikiza watu waliokuwa wanatafuta mlima wa tajiri ambao haukuwepo. Na bado kuna watu wananiambia suala la majina ni dogo.

Upande wa kudai ardhi ni hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 1939 Wajerumani walirusha ndege juu ya Queen Maud Land, eneo la Antaktiki, wakawa wanadondosha vyuma vyenye alama ya swastika na kupiga picha, kisha wakagawa majina kwa milima waliyoiona kupitia dirisha la ndege. Safu moja waliipa jina la mkuu wa idara katika wizara ya anga ya utawala wa Hitler, na mpaka leo inaitwa Mühlig-Hofmann. Norwei iliyodai eneo hilo Januari 1939 ililiacha jina hilo, ikaongeza tu mwisho wa Kinorwei. Mnataka nimweleze nini mwanafunzi akiniuliza huyo alikuwa nani?

Uingereza nayo Desemba 2012 ilitangaza kwamba kipande cha Antaktiki cha kilomita za mraba kama 437,000, karibu nusu ya Tanzania, kitaitwa Queen Elizabeth Land. Argentina, inayodai eneo hilo hilo, ikapinga mara moja. Na tayari kulikuwa na Princess Elizabeth Land, iliyopewa jina mwaka 1931 na msafara wa Mawson, mpelelezi wa Australia, upande mwingine wa bara. Mtu yule yule! Alipewa nchi akiwa binti mdogo, akapewa nyingine akiwa bibi. Mkataba wa Antaktiki wa 1959 ulisimamisha madai ya ardhi, lakini haukuzuia kugawa majina, kwa hiyo majina ndiyo yamebaki silaha ya madai. Bulgaria peke yake, tangu iunde kamati yake mwaka 1994, imeshatoa majina zaidi ya 1,500. Orodha ya pamoja inayotunzwa na kamati ya kisayansi ya kimataifa ya utafiti wa Antaktiki, SCAR, ina majina zaidi ya 35,000 kwa maumbo ya ardhi kama 20,000 hivi. Na orodha hiyo haiamui jina lipi ni sahihi, inayaweka yote pamoja.

Kisha ikaja 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walichunguza barafuto 14 zinazoingia kwenye hiyo barafu ya Getz, wakaona mwendo wake umeongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 24 kati ya 1994 na 2018. Kazi nzuri sana, naipongeza. Nyingi ya barafuto hizo hazikuwa na majina, wakapendekeza zipewe majina ya miji iliyofanyika mikutano mikubwa ya tabianchi na ripoti zake. Uingereza ikakubali: Geneva, Rio, Berlin, Kyoto, Bali, Stockholm, Paris, Incheon, Glasgow. Hesabuni. Tisa. Nairobi ilipokea mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mwaka 2006, Durban mwaka 2011, Marrakech mara mbili, 2001 na 2016. Hakuna hata mji mmoja wa Afrika. Bara linaloambiwa kila mwaka kwamba ndilo litakaloumia zaidi halikupata hata barafuto moja kati ya tisa zilizotajwa kwa ajili ya tabianchi. Mimi si Mkenya, lakini jambo hili liliniuma na linaniuma mpaka leo.

Hili la nani anatoa jina sisi tunalijua vizuri. Hans Meyer alipofika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889 alikipa jina la mfalme wake Wilhelm. Tulipopata uhuru tukakiita Uhuru, na hakuna mtu aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Ila barafuto zetu tuliziacha na majina ya Wajerumani, ikiwemo Drygalski. Erich von Drygalski ndiye aliyeongoza msafara wa Ujerumani kwenda Antaktiki mwaka 1901 hadi 1903. Kwa hiyo mwanafunzi wangu akitafuta Drygalski anakutana na barafuto ya Kilimanjaro, barafuto nyingine kwenye Rasi ya Antaktiki, ulimi wa barafu kwenye Bahari ya Ross, kisiwa na milima. Usipoandika latitudo, jina hilo halikufikishi popote.

Sasa nije kwetu, maana lawama nyingine ni yetu wenyewe.

Mimi nafundisha jiografia. Kwenye mtihani wa pamoja wa shule kadhaa za huku iliwekwa ramani ya Antaktiki isiyo na majina, na mshale ukionyesha ile rasi ndefu inayochomoza kuelekea Amerika Kusini. Mwanafunzi wangu mmoja akaandika Palmer Peninsula. Kosa. Mwingine akaandika Graham Land. Kosa. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na jibu moja, Antarctic Peninsula. Nilipouliza nikajibiwa kwamba mwongozo ndio mwongozo, tusilete ubishi.

Yule wa Palmer alitoa jibu kwenye atlasi ya maktaba yetu. Nimeishika mkononi. Jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, na jina Palmer Peninsula limechapwa kwa herufi kubwa zilizopinda kufuata umbo la rasi yenyewe. Hivyo ndivyo ramani za Marekani zilivyosema mpaka 1964, wakati Waingereza wakisema Graham Land, Argentina Tierra de San Martín na Chile Tierra de O'Higgins. Mwaka huo kamati za majina za Marekani na Uingereza zikakubaliana: rasi nzima iitwe Antarctic Peninsula, nusu ya kaskazini ibaki Graham Land, nusu ya kusini iwe Palmer Land. Argentina na Chile hawakuwemo kwenye makubaliano hayo, na wanaendelea na majina yao. Na yule wa Graham Land? Mshale ulikuwa umegusa upande wa kaskazini. Kwa makubaliano yenyewe ya 1964, mshale ule ulikuwa juu ya Graham Land! Mtoto alikuwa sahihi kuliko mwongozo, akakatwa alama mbili.

Kwa hiyo nadai haya. Watunga mitihani, swali la maeneo ya ncha za dunia liwe na majina yote yanayotambulika kwenye mwongozo, na mwenye kusahihisha afundishwe kwa nini. Wachapishaji wa atlasi za shule, wekeni latitudo na longitudo pembeni ya jina, na kama jina lilibadilika andikeni la zamani chini yake kwa herufi ndogo. Wino wa mstari mmoja hauwafilisi. Na wenye mamlaka, Tanzania na Kenya hazimo kwenye Mkataba wa Antaktiki wakati mlango uko wazi kwa kila mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Barafu ile ikiyeyuka bahari inapanda Pangani, Lamu na Unguja kama inavyopanda kwingine. Tunakaa nje kwa sababu gani?

Rufaa ya wale watoto wawili nimeshaipeleka, na nakala ya ukurasa wa atlasi nimeambatanisha. Walimu wenzangu mliomo humu, kama wanafunzi wenu walifanya mtihani huo na wakapigwa kosa kwa Graham Land, niandikieni. Barua ya shule moja inawekwa kabatini. Za shule tano itabidi zisomwe.