Eti "hujapaua, kaa chini"! Kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu imenivua nguo mbele ya watu

MzeeWaBoma:

Wakuu, nimetoka mkutanoni sasa hivi, viatu sijavua, chai imenishinda, mikono inatetemeka. Nisipoandika usiku huu nitapasuka.

Ninyi wa huku kwetu mnamjua. Simtaji. Yule wa faili la kijani. Tangu tumnyooshee mikono aingie kwenye kamati ya urasimishaji anatembea mtaani kama vile siku ya kuumba dunia Mungu alimpa yeye ashike futi kamba. Akipita, kuku wanapisha. Mbuzi wa jirani akiliona lile faili anajifunga mwenyewe.

Leo ulikuwa mkutano mkuu wa mtaa, ule unaotakiwa kuitishwa kila miezi miwili na sisi tunauona kama kupatwa kwa jua. Ajenda ilikuwa moja, barabara. Tuachie njia, tuondoe vizuizi, greda la TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini, lipite, mchoro wa mipango miji ukae sawa, kila mtu apimiwe apate hati yake. Mimi sina ubishi na hilo. Barabara naitaka kuliko yeyote humu. Masika yaliyopita mke wangu alishikwa na uchungu saa nane za usiku, bodaboda wote wakagoma kushuka lile korongo, tukambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka lami. Kwa hiyo asije mtu kuniambia napinga maendeleo. Ile 150,000 ya urasimishaji nilikuwa wa kwanza kulipa, risiti ninayo. Michongoma yangu niliing'oa kwa mikono yangu. Fidia hakuna, tulielezwa na tukakubali, maana urasimishaji ndivyo ulivyo: kila mtu anamega kidogo, njia inapatikana.

KILA MTU. Hilo neno mlishike.

Njia ni mita 6. Tatu huku, tatu kule. Inakuja vizuri kabisa toka kwenye mwembe wa gengeni hadi mashine ya kusaga, imenyooka kama rula. Ikifika kwenye ukuta wa mwenye faili, inapinda. Inaukwepa ule ukuta kama mdaiwa aliyemwona mdai sokoni, inahamia kwangu na mita zake zote 6, inameza shimo la choo, inameza kisima, inapita dirishani kwa watoto, halafu ikishamaliza ukuta wa mheshimiwa inarudi zake katikati kana kwamba haikufanya kitu. Kona ile bajaji ikiingia abiria watashuka waikunje kama mkeka. Gari la zimamoto likija litafika hapo, litapiga honi ya pole na kurudi.

Basi nikanyoosha mkono. Kwa adabu zote, kofia nimeshika mkononi. Nikasema: "Mheshimiwa, naomba kufahamishwa, hiki kiwiko kimetoka wapi? Kwenye mchoro wa kwanza uliobandikwa ofisi ya mtaa hakikuwepo." Basi. Hata sauti sikupandisha.

Akavua miwani. Akaifuta taratibu. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye ndala. Akaivuta maiki ya lile spika la kukodi, linalosikika mpaka kata ya jirani, akasema:

"Wewe hujapaua. Kaa chini, tuongee waliopaua."

Watu WAKACHEKA. Watu niliowachimbia kaburi la baba yao wakacheka. Kibibi mmoja aliyekuwa amesinzia tangu dua ya kufungua mkutano akaamka, akauliza kimetokea nini, akaambiwa, naye akacheka.

Hujapaua! Wakuu, boma langu lina mwaka wa sita. Nimeanza na msingi, nikapumzika. Nikapandisha tofali, nikapumzika. Lenta nimefunga mwaka jana kwa hela ya kikoba cha mke wangu. Tumehamia kwenye chumba kimoja nilichokifunika kwa bati chakavu maana kodi ya pango ilikuwa inatula wazima wazima. Huko ndiko kutokupaua kwangu. Kupaua ni hela, si akili, na macho ya kuona barabara imepinda ninayo hata bila kenchi kichwani. Kwani kiwanja changu nilichomegwa kilikuwa na paa? Wakati wanapokea 150,000 yangu, kuna aliyeuliza kama imepauliwa?

Nilikaa chini. Hilo ndilo linaloniua. Nilikaa. Miguu ilikaa yenyewe.

Mwanangu wa darasa la tatu alikuwepo, amekalia ndoo pembeni. Tunarudi gizani ameninyamazia njia nzima, tunafika mlangoni ananiuliza, "Baba, tukipaua ndiyo utaruhusiwa kuongea?"

Hujapaua, kaa chini. Mbele ya mtoto. Kwenye spika.

Semeni wenyewe. Mimi nimeishiwa.

---

Nyundo_Kavu:

Pole sana mkuu, umeongea kwa uchungu. Ila tuweke mambo sawa kwanza: umepaua au hujapaua?

---

mama_wawili:

Nilikuwepo. Yote aliyoandika ni kweli, na amesahau moja: aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni yule wa duka la vifaa vya ujenzi, kashaona mteja. Mimi sikucheka, nilikohoa.

---

BikoniIliyolala:

Mleta uzi, futa machozi usikilize. Kamati ya mtaa haina mamlaka ya kuidhinisha mchoro. Kazi yake ni kuhamasisha, kukusanya wananchi, kusuluhisha mipaka na kukubaliana njia zipite wapi. Mchoro unaandaliwa na wataalamu wa mipango miji, unapita halmashauri, unaidhinishwa na wizara ya ardhi, ndipo wapimaji wanakuja kupanda bikoni, zile alama za mipaka. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe, na "kaa chini" si kushirikishwa. Nenda na risiti yako na picha ya ule mchoro wa kwanza kwa afisa mipango miji wa halmashauri KABLA haujaidhinishwa. Andika barua, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Usianzie baraza la ardhi la kata kwa kudhani litakupa hukumu. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yao ni kupatanisha tu. Ikishindikana ndiyo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mchoro wa kwanza uliupiga picha?

---

MzeeWaBoma:

Sikuupiga, mkuu. Niliuamini.

---

Nyundo_Kavu:

Aliuamini. Jamani huyu mtu apauliwe tu, hana hatia.

---

Mbezi_Mwisho:

Kiwiko? Unalilia kiwiko? Sisi wa kando ya Morogoro Road mwaka 2017 tuliamka na alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani, ukuta ULIOPAULIWA, wenye vigae na dishi. Toka Kimara kwenda Kibaha yalipita matingatinga, tukawa tunaokota milango yetu wenyewe. Choo chako kimeliwa, sisi ililiwa sebule na kalenda ikiwa bado imening'inia. Ukimaliza kulia niite nianze zamu yangu.

---

ChuraWaBondeni:

Afadhali ninyi mnabishana kuhusu barabara ambayo haijaja. Kwetu imekuja. Lami nzuri, taa za sola, watu wanapiga selfi. Mtaro wameuleta hadi mlangoni kwangu, wakaishiwa. Maji ya mtaa mzima yanateremka yakifurahi, yakifika kwangu yanauliza njia. Mvua ya saa moja godoro linaelea. Nimekwenda ofisi ya kata mara nne, naambiwa mtaro uko "awamu ya pili". Awamu ya kwanza nimeshainywa.

---

Sizonje_wa_Goba:

Na maeneo ya wazi je? Kwetu kwenye mchoro kulikuwa na uwanja wa watoto na kiwanja cha zahanati. Uwanja wa watoto leo ni baa ya kitimoto. Kiwanja cha zahanati ni gereji, na mwenye gereji alikuwa mjumbe wa kamati. Alipoulizwa akasema naye anatibu, anatibu magari.

---

mama_wawili:

@ChuraWaBondeni pole, ila maji si ndiyo mnauza kwenye madumu huko bondeni?

---

ChuraWaBondeni:

Ya kisima, mama. Haya yanakuja na pampasi.

---

Mkazi_Mpenda_Amani:

Mimi niseme ukweli, mzee wa watu mnamwonea. Amezunguka halmashauri kwa nauli yake, faili lile amelinunua kwa hela yake, na barabara ikapinda kidogo kwa sababu za kitaalamu kwa kuwa ukuta ule una nguzo za zege. Kauli ile ilikuwa ya utani tu. Watu wajifunze kupokea utani.

---

Nyundo_Kavu:

ID imefunguliwa leo, inajua nguzo za ukuta zina zege. Karibu jukwaani, faili la kijani.

---

Mbezi_Mwisho:

Shikamoo mheshimiwa. Mimi nimepaua, naruhusiwa kuuliza?

---

Mkazi_Mpenda_Amani:

Mimi siye. Mimi ni mkazi wa kawaida.

---

mama_wawili:

Mkazi wa kawaida, umeacha miwani yako kwenye meza ya mkutano. Njoo uichukue.

---

MzeeWaBoma:

Wakuu, nashukuru kwa kunisemea, lakini tusitoke kwenye mada. Mada ni kauli. "Hujapaua, kaa chini." Sasa hivi nimepita gengeni kununua mafuta ya taa, vijana wa kijiwe wananiita Baba Hujapaua. Haijapita hata siku. Mtu mzima, nina mvi, nimewahi kusimamia harusi nne za mtaa huu, leo jina langu ni Hujapaua. BikoniIliyolala, barua nitaiandika kesho asubuhi. Nani aliupiga picha ule mchoro wa kwanza? Naomba jamani, hata kama ni picha ya mbali.

---

FundiKenchi:

Mkuu, pamoja na yote, boma likikaa miaka mingi bila paa mvua inakula tofali, hasa kama ulijenga na mchanga wenye udongo. Kwenye hilo yule wa faili ameongea vibaya lakini hajakosea. Usidanganywe na bati za geji 30, zile nyembamba, ukipiga misumari zinapinda kama barabara yenu. Chukua geji 28.

---

Sizonje_wa_Goba:

Geji 28 ni hela hiyo. Mimi nilipaua na geji 30, mwaka wa nane huu.

---

FundiKenchi:

Na ukipita upepo wa Julai unalala wapi?

---

Sizonje_wa_Goba:

Kwangu. Huwa nazishikilia tu.

---

ChuraWaBondeni:

Bati za migongo mipana au za msauzi, zipi hazivuji mvua ikija na upepo? Maji ya chini nimeshayazoea, ya juu siyataki.

---

FundiKenchi:

Zote hazivuji ukiweka mwinuko wa kutosha. Watu wanabana mbao za kenchi, paa linalala kama meza, halafu wanalaumu bati. Na mbao ziwe zimetiwa dawa, mchwa wa Dar hana huruma.

---

Nyundo_Kavu:

Uzi wa kamati umekuwa chuo cha VETA. Nabaki hapa hapa.

---

mama_wawili:

Mchoro ninao! Nilimpiga picha mjukuu wangu pale ofisi ya mtaa, ubao wa matangazo uko nyuma yake. Kichwa chake kimeziba kidogo lakini njia inaonekana, imenyooka. Mwenyewe njoo nyumbani uichukue, humu siweki picha ya mtoto.

---

Mbezi_Mwisho:

Turudi kwenye dawa ya mchwa. Ile ya kupaka kwa brashi au ya kutumbukiza mbao kwenye pipa?

---

FundiKenchi:

Kutumbukiza. Ya brashi mchwa anaichukulia kama kachumbari.

---

MzeeWaBoma:

Mama wawili, nakuja sasa hivi, Mungu akubariki. Nimeshavaa viatu.

Fundi, vyumba vitatu na sebule, baraza ndogo mbele, geji 28. Zinaingia bati ngapi? Mkutano ujao ni baada ya miezi miwili.