Mashairi ya mahasimu ndani ya simfoni moja: tuimbe kwa lugha zao au yote kwa Kiswahili?

Kinanda_Ibanda: Tuseme korali za Bukavu zinaungana kuimba simfoni yenye mashairi ya jamii zinazogombana. Mimi nasema kila shairi libaki na lugha yake. Mtunzi Mwingereza Britten mwaka 1960, katika War Requiem, misa yake ya kuwaombea waliokufa vitani, alichanganya misa ya Kilatini na mashairi ya Wilfred Owen, askari Mwingereza aliyeuawa wiki moja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuisha. Hakutafsiri chochote.

Besi_Kadutu: Si 1960, ni 1962, kule Coventry, Uingereza. Tena mfano wako unakupinga. Shairi la Mjerumani liko wapi mle? Mwimbaji Mjerumani Fischer-Dieskau aliitwa aje kuwa "adui", akapewa Kiingereza aimbe. Kiswahili kinatosha. Na lugha zetu za vilimani, tuseme ukweli, haziimbiki kwa sauti nne.

Mwalimu_Solfa: Haziimbiki? Pole sana, ndugu. Kinachoshindikana ni mtindo wa zaburi za wazungu. Chukua Lingala: *moto* ni mtu, *motó*, sauti ikipanda mwishoni, ni kichwa. Soprano ikipanda sawasawa na neno huku besi ikishuka, besi imeshasema neno jingine. Dawa inajulikana: sauti zote zipande na kushuka pamoja, zikiachana kwa noti tatu au tano, au shairi liimbwe na sauti moja na wengine wavumishe midomo imefungwa.

Kinanda_Ibanda: Na Kiswahili nacho kina mtego wake. Mkazo wa *amani* uko kwenye *ma*. Mtunzi akiweka *a* kwenye pigo la kwanza, neno linachechemea. Linataka noti ya kuanzia kabla ya pigo.

Alto_Nguba: Lugha mnaisingizia bure. Tatizo ni besi, hukariri kwa sikio na kufuata tenori.

Besi_Kadutu: Dada, besi tunasoma! Leta noti hapa tuone nani ataanguka.

Alto_Nguba: Haya. Kengele za War Requiem: do na fa dieze, yaani fa iliyopandishwa nusu toni. Korali inaomba pumziko juu yake bila ala, na mwishoni lazima itue kwenye fa kubwa (meja). Mngefika?

Besi_Kadutu: Fa dieze ipi? Kwenye solfa ya herufi hiyo ni *fe*, na do yetu inahama kufuata ufunguo wa wimbo. Ninyi wa parokiani do yenu imepigwa msumari.

Mwalimu_Solfa: Basi karatasi ziwe za aina mbili, za solfa na za noti, la sivyo mazoezi ya kwanza yataishia kwenye kubishana do iko wapi. Na hiyo *fe* msiirukie. Imbeni do–sol mara tano, kisha shusheni sol nusu toni. Anayeitafuta kutoka fa huibana, ikawa chini.

Kinanda_Ibanda: Jamani, niliuliza habari za mashairi.

Besi_Kadutu: Mzee, subiri kwanza. Huyu dada hajaomba radhi.